Namba Aliyoniachia Zakayo

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na macho ya kuona ukungu ukiinuka juu ya majani chai, na miguu miwili, mmoja mzima na mwingine mfupi kidogo unaonikumbusha fadhili zake kila ninapopiga hatua. Sina cha kumdai. Kila nilicho nacho nimepewa. Hata haya ninayoyaandika, ambayo ni ya huzuni na kwangu ni ya aibu, nayaandika kwa sababu amenipa umri wa kutosha kuacha kuyaogopa.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Chepkoech alikuja kwetu Boito kutoka chuoni, na asubuhi ya pili nikamkuta jikoni ameketi karibu na moto, simu imelazwa kifudifudi mapajani, macho mekundu. Nilidhani kuna msiba. Baba yake, mwanangu, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa, akicheka. "Ni gemu, Baba. Kampuni imefunga gemu, sasa huyu anataka tuite pasta." Chepkoech hakucheka. "Kugo," aliniambia, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita babu, "si gemu tu." Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mzee kitu cha vijana. Kwa miaka minne yeye na rafiki yake wa shule, ambaye sasa anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, walikuwa wamejenga shamba ndani ya simu: nyumba, ng'ombe, mto, miti waliyoipanda wenyewe. Rafiki hana muda wa kupiga simu, basi walikuwa wakikutana huko, kila mmoja akiacha alama kwamba alipita. Kisha kampuni, ambayo iko ng'ambo, ikatuma barua ya kuwashukuru kwa kuwa sehemu ya familia yake, na kutaja siku itakayozima mitambo. Siku hiyo wawili hao walisimama kwenye lango la shamba lao mpaka kioo kikawa cheusi. "Kampuni ni biashara," mwanangu alisema. "Wakiona haina faida wanafunga. Njoo unisaidie kukamua, ng'ombe wa hapa hawazimwi." Niliingia chumbani kwangu, nikainama kwa taabu, nikavuta mkebe ulio chini ya kitanda.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na karibu wote niliupitisha nikiwa nimelala chali. Trela la kubebea majani lilipinduka mteremkoni likanivunja paja, na katika hospitali moja ya misheni mguu wangu ukaninginizwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo, na mwisho wa kamba hiyo mfuko wa mchanga. Daktari alisema wiki nane. Mfupa ukakataa, ukaoza, ukafunguliwa na kufungwa tena, na wiki nane zikawa miezi kumi na mmoja. Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu nyekundu iliyopigwa nta kila Jumamosi, na madirisha mapana upande wa mashariki. Asubuhi jua lilitufikia mpaka vitandani. Kufikia saa nane mchana mvua ilikuwa imefika, ikiyapiga mabati hata humsikii jirani yako. Tulijua saa kwa vyombo: uji, halafu chai ya maziwa saa nne katika vikombe vya bati vilivyochubuka midomo, halafu ugali na kabichi. Mpaka leo nikisikia kikombe cha bati kikigongwa, paja langu linauma.

Kitanda cha kulia kwangu kilikuwa cha Zakayo. Tulikuwa wa umri mmoja. Alikuwa akifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kukaushia majani, na ingawa wazazi wake walitoka upande wa Kisii, alizaliwa huku kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, na Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko changu. Moyo wake ulikuwa umeharibika tangu utotoni. Miguu ilivimba, alilala ameegemea mito mitatu, na chumvi alikatazwa kabisa. Mama yangu alipoleta mursik kwenye kibuyu, maziwa yetu yale ya mgando yenye chembe za mkaa, Zakayo alichungulia na kutikisa kichwa. "Daudi, nyinyi mnaharibu maziwa kwa makaa halafu mnawapa wageni kwa heshima." "Na wewe ndizi asubuhi, ndizi mchana," nilimjibu. "Siku moja Sista atakuta umeota majani." Alicheka mpaka akakohoa, na Sista, yule muuguzi mkuu aliyekuwa mgeni kutoka ng'ambo, akaja kutuangalia kwa macho yake makavu. Siku moja Zakayo aliniomba punje chache tu za chumvi kiganjani, alambe. Nilimnyima. Badala yake nilimwomba mpishi aniletee na mimi chakula kisicho na chumvi, na tukala hivyo wote wawili kwa miezi, tukiitukana kabichi kwa pamoja.

Upande wa kushoto alilala Mzee Arap Chumo, mkulima wa karibu na Longisa, mwenye redio kubwa iliyovaa koti la ngozi, ikining'inia kwenye chuma cha kitanda. Aliipenda kampuni iliyoitengeneza kama mtu anavyowapenda wakwe wema. Kila asubuhi yenye jua alitoa mawe ya redio, ndivyo tulivyoita betri, akayapanga manne kwenye kizingiti cha dirisha yapate joto, maana jiwe lililochoka likiota jua huongea tena siku mbili tatu. Watu wote wa kwetu walifanya hivyo. Wengine waliyaweka kando ya moto, wengine juu ya bati, wengine waliyauma kwa meno. Ilikuwa kazi ya kila nyumba, kama kuchunga maziwa yasimwagike. Na mawe yakiwa juani, redio ikiwa kimya, ndipo mabishano yalipoanza, ni kampuni gani inayojua kazi. Mmoja alisifu redio za Wajapani kwa wepesi, mwingine akasema za Wadachi zina sauti ya mtu mzima. "Mnajua kampuni nzuri ni ipi?" Mzee Arap Chumo alihukumu. "Ni ile inayokuachia skrubu uzione. Skrubu maana yake ni kwamba wanakuamini. Nimeifungua hii mara sita, na mara sita nimeifunga."

Karibu na Krismasi ndugu ya Sista alikuja kumtembelea, akapita wodini akisalimia, na pale kwa Zakayo akakaa muda mrefu. Alipoondoka alikuwa ameacha juu ya blanketi kitu cha rangi ya fedha, upana wa kipande cha sabuni, chenye kioo, vitufe viwili na kingine kidogo juu. Ulikuwa mchezo wa elektroniki, na hatukuwa tumewahi kuuona. Ndani ya kioo mlikuwa na mtu mdogo mweusi mwenye kikapu. Vitu vilidondoka kutoka matawi matatu, naye alikimbia kuvidaka, kushoto, katikati, kulia, na kila alichodaka kilihesabiwa juu pembeni. Akiangusha vitatu, basi. Bila shaka waliomtengeneza walikusudia matunda. Sisi tuliona majani chai, na yule mtu tukampa jina, Arap Kikapu, yaani mwana wa Kikapu. Wodi nzima ilimjua. Wagonjwa waliotoka kupasuliwa waliuliza hali yake kabla ya kuuliza ya kwao. Mzee Arap Chumo peke yake hakushawishika. "Kitu kisicho na habari wala nyimbo ni kitu gani?" Zakayo akamjibu kwa adabu, "Mzee, redio yako inaongea tu. Hii inanisikiliza." "Inasikiliza vidole," mzee alisema. Lakini siku moja nilimwona amekishika, ulimi nje, akisema peke yake, "Daka, wee mjinga, daka!"

Mchezo ule ulikuwa na kumbukumbu. Ukibonyeza kitufe kidogo cha juu ulikuonyesha namba kubwa kuliko zote zilizowahi kufikiwa. Mimi na Zakayo tukaweka sheria yetu: anayempita mwenzake hasemi. Anakifunga kitu ndani ya leso, anakirusha kitanda cha pili, na kunyamaza. Mwenzake lazima abonyeze aone mwenyewe. Nilipitwa mara nyingi kuliko nilivyompita. Vidole vyangu vilikuwa vizito kwa kazi ya shamba. Vyake, ambavyo kucha zake zilikuwa za buluu, vilikuwa vyepesi ajabu. Asubuhi moja daktari alikuwa amepita na karatasi zake, akapima, akaandika, akamnong'oneza Sista. Walipokwisha kwenda Zakayo alisema, akiangalia dari, "Daudi, hawa watu wana namba zangu nyingi. Mapigo, pumzi, maji ninayokojoa. Zote zinaenda vibaya. Hii ndiyo namba yangu moja tu inayopanda."

Mvua za masika zilipoanza iliamuliwa apelekwe Nairobi, wakaone kama moyo wake unaweza kupasuliwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala kwa dawa baada ya kuoshwa kidonda, nikaamka gari likiwa tayari limewashwa nje. Zakayo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa sweta ya mama yake. Aliniwekea leso kifuani. "Nimekuachia namba," alisema. "Usiniulize. Bonyeza uone. Na usiipite mpaka nirudi, nataka kuona uso wako." Nikamwambia aende salama, Bwana awe naye. Mlango ulipofungwa nilibonyeza. Kioo kilikuwa kimefifia. Nilikipindua kushoto na kulia nikaona mikwaruzo ya kijivu, labda saba, labda moja, siwezi kuapa. Vile vijiwe vidogo vya ndani, bapa kama vifungo vya shati, vilikuwa vimechoka, na vya aina hiyo havikuuzwa Sotik wala Kericho mjini. Sista alikuwa ameshauliza.

Nilimwonyesha Mzee Arap Chumo. Alivaa miwani, akatazama, akasema neno ambalo mtu yeyote wa kwetu angelisema. "Mawe yamechoka. Weka juani." Alikuwa na kijisu cha mfukoni. Alifungua kifuniko cha nyuma kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akavitoa vijiwe viwili, akaviweka kwenye kizingiti cha dirisha mwisho wa mstari wa mawe yake manne. Vilikaa pale tangu uji mpaka chai ya saa nne, jua zuri kabisa. Nakumbuka nilivitazama kwa furaha. Kisha akavirudisha, na kile kitu kikalia mlio wake mdogo kama kifaranga, na Arap Kikapu akasimama, mweusi, wazi, kama siku ya kwanza. Nikabonyeza. Sifuri. Nikabonyeza tena, nikidhani kinachelewa. Sifuri. Mzee alinitazama. "Imesahau?" aliuliza. Redio haina cha kukumbuka, ndiyo sababu unaweza kuitoa mawe mara elfu nayo ikarudi vile vile. Sisi tulijua redio tu. "Ni mimi niliyekuambia," mzee alisema, na kwa siku mbili hakuwasha redio yake. Vijiwe vilidumu mpaka jioni ile, kisha vikafa kabisa.

Zakayo alirudi baada ya wiki tatu, bila mshono wowote kifuani. Walimwambia amechelewa. Walimrudisha awe karibu na mama yake. Alikuwa amekwisha hata sikumtambua mara moja, macho yakawa makubwa kuliko uso. Walimlaza kitandani pake, wakampangia mito, na alipopata pumzi ya kutosha alinigeukia. Ilikuwa mchana, kabla ya mvua, watu wanakula. Hakuuliza habari za mguu wangu. "Uliiona?" alisema. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu. Nilikuwa nimeomba. Nilikuwa na maneno yote ya kweli mdomoni, jinsi tulivyoviweka vijiwe juani, jinsi hatukujua. Nikamtazama na kusema, "Niliiona. Zakayo, umenipita kabisa. Hiyo si namba ya binadamu." Uso wake uliwaka. Nasema kweli mbele za Mungu, sijaona uso ukiwaka vile tena, wala siku ya harusi yangu, wala nilipobatizwa. Alicheka bila sauti, maana sauti hakuwa nayo. Sikuwa na haja ya kuogopa kwamba atataka kuiangalia. Vijiwe vilikuwa vimekufa, hilo nilimwambia, na hilo lilikuwa kweli. Upande wa pili Mzee Arap Chumo aliacha kutafuna. "Sasa nipite," Zakayo alisema. Alifumba macho, na kwa muda nikaviona vidole gumba vyake vikisogea juu ya blanketi, kushoto, katikati, kulia.

Alifariki siku ya nne, saa ya chai. Sikuwepo. Walikuwa wamenitoa barazani kujifunza kutembea kwa magongo, na niliporudi nikikokota mguu, nikijivuna kwa hatua zangu kumi na mbili, kitanda kilikuwa na godoro tupu na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa chai juu ya kabati. Mama yake alikuja kuchukua vitu vyake. Nilimpa leso na kile kitu, na nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli yeye, maana ilinibidi nimwambie mtu. Akanirudishia mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Kaa nacho, mwanangu. Aliniambia ulifurahi ulipoiona namba yake. Siku zile za mwisho alizungumza habari hiyo tu." Nilisema, "Ndiyo, Mama." Huo ukawa uongo wa pili, na ndio ulionifunga.

Tangu hapo nimekuwa mzee wa kanisa, nimefundisha wabatizwa makundi mengi, na kila tulipofika kwenye amri ya kutosema uongo nilifundisha nikitazama dirisha. Toba nimeifanya kwa Mungu, naye ni mwenye rehema, sina shaka. Kinachonivunja moyo si uongo peke yake. Ni ile namba. Kijana alifanya jambo moja zuri kuliko yote aliyowahi kufanya, kwa moyo uliokuwa unachoka na vidole vya buluu, akanipa mimi nimtunzie, na mimi nikalipanga dirishani. Hakuna mtu duniani anayeijua. Huwa nalala nikijaribu kurudi kwenye ile mikwaruzo ya kijivu, nikiinamisha kioo huku na huku, na sipati kitu.

Kwa hiyo mwanangu anaposema kampuni ni biashara, namwelewa, na hakuna chuki moyoni mwangu. Nawashukuru watengenezaji wa vitu hivi. Nasoma Neno kwenye simu kwa herufi kubwa kama mahindi, na nasikia mahubiri kwa kifaa kilicho sikioni. Lakini naona Mzee Arap Chumo alikosea kidogo kuhusu skrubu. Redio alikuwa na haki ya kuifungua kwa sababu haikuwa imebeba cha mtu. Nyinyi watengenezaji, siku mlipotengeneza kitu kinachokumbuka, mlipokea amana, mkijua msijue. Watu wataweka humo vitu ambavyo hamkuviuza. Hamkuandika kwenye sanduku kwamba ukitoa vijiwe kitasahau, au mliandika kwa lugha ambayo wodi yetu haikuisoma, na vijiwe vyenyewe hamkuvileta. Na hawa wa Chepkoech wanazima kwa tarehe, wakijua kabisa, huku wakiwaita watu familia yao. Hilo ni zito zaidi. Ila siwezi kuwa hakimu wao. Nilifanya jambo lile lile kwa mikono yangu, na kwa upendo.

Haya yote nilimsimulia Chepkoech pale jikoni, mkebe ukiwa mapajani mwangu, mpaka chai ikapoa. Hakuniambia ni mchezo tu. Alikitoa kile kitu mkebeni, akakigeuza, akaangalia kifuniko cha nyuma, na kesho yake akaenda Kaplong na kurudi na vijiwe, ambavyo siku hizi vinauzwa kwenye kibanda chochote cha simu, vimepangwa kwenye karatasi kama vidonge. Akaviingiza. Miaka zaidi ya arobaini, na kililia mlio ule ule wa kifaranga. Arap Kikapu alisimama katikati, kikapu mkononi, hana umri. Juu pembeni, sifuri.

"Cheza, Kugo," Chepkoech alisema taratibu. "Si alikuambia umpite?"

Nilikishika. Vidole gumba vyangu vilijua pa kukaa. Jani la kwanza likaanza kushuka kutoka tawi la kushoto, nami nikalitazama likishuka, na la pili, na la tatu, yote yakaanguka chini bila mtu kuyadaka.

"Siwezi, mama," nilimwambia. "Siwezi kumpita mtu ambaye sijui alifika wapi."

Akaja akaketi kando yangu, akalaza kichwa begani kwangu, naye alikuwa na shamba lake na mimi namba yangu. Kile kitu tumekiacha juu ya meza, na vijiwe vimo ndani.

Wewe unayesoma, Mungu aliyemwona Zakayo akidaka, na kuhesabu pamoja naye hadi mwisho, akuhesabie na wewe kila jema ulilolifanya ambalo hakuna aliyeliona, akutunzie ulivyokabidhiwa kuliko nilivyotunza mimi, na akupe mtu wa kumwambia kweli mapema.